Maswali ya Wasomaji: Babu Yangu Yumo Katika Daftari Gani?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mgiriama. Marehemu babu yangu, mzaa baba, alizaliwa upande wa Ganze kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na alifariki nikiwa darasa la tatu. Nimekwenda mara mbili katika ofisi za kaunti kuomba cheti chake cha kuzaliwa, na mara zote mbili nimeambiwa kuwa jina hilo halimo. Wajukuu wananiuliza habari za ukoo wetu nami sina la kuwajibu. Nianzie wapi? — Msomaji, Kilifi

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Usivunjike moyo kwa jibu ulilopewa, kwa maana cheti unachokitafuta hakikuwahi kuandikwa. Katika enzi ya ukoloni usajili wa vizazi na vifo ulikuwa lazima kwa Wazungu na Wahindi, ilhali kwa Waafrika sharti hilo lilianzia Nairobi na Nyeri mwaka 1963, likaenezwa wilaya baada ya wilaya hadi lilipofika nchi nzima mwaka 1971. Mtu aliyezaliwa Ganze kabla ya 1914 hana cheti cha kuzaliwa popote pale, labda kama aliomba mwenyewe uzeeni.

Lipo pia tatizo la neno lenyewe "kaunti". Serikali za kaunti 47 tulizonazo zilianza kazi mwaka 2013, na kumbukumbu zilizorithi ni zile za mabaraza ya wilaya, miji na manispaa, yaani viwanja, kodi za majengo, leseni na masoko. Vizazi, vifo na ardhi vimebaki kwa serikali kuu, hata kama ofisi zote hizo zimo mjini Kilifi na zinatenganishwa na barabara moja tu. Zaidi ya hayo, kaunti ya leo siyo wilaya ya jana. Malindi kwa vipindi fulani ilikuwa wilaya peke yake, kwa hiyo mzee wa Magarini utamtafuta katika majalada ya Malindi, ingawa leo Magarini imo katika Kaunti ya Kilifi. Majalada ya wakuu wa wilaya wa kikoloni nayo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, katika lile jengo lililokuwa benki, na yaliyotimiza miaka 30 kwa kawaida huruhusiwa kusomwa na mwananchi yeyote anayejiandikisha. Utakapoyafungua, usitarajie kuliona neno "Mijikenda", jina la pamoja la makabila tisa ya Pwani wakiwemo Wagiriama, ambalo lilishika katika miaka ya 1940. Makarani wa kabla ya hapo waliandika "Wanyika", na Giriama wakaiandika kwa tahajia tatu au nne.

Sasa nikuombe jambo moja ambalo wengi hulikataa mwanzoni: liweke jina la babu kando kidogo, utafute kwanza mahali alipokaa. Wewe ni Mgiriama, na unajua kwamba kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Charo humzaa Karisa, Karisa humzaa Charo, na Charo huyo naye humzaa Karisa mwingine. Katika daftari moja la kodi utawakuta akina Karisa wa Charo wengi katika lokesheni moja, na huwezi kujua yupi ni wako, au kama uliyempata ni babu au ni babu wa babu. Nimewaona watu waliojenga ukoo mzima juu ya mtu asiyekuwa wao kwa sababu ya kukimbilia jina.

Kwa hiyo keti na wazee waliobaki kabla hujapanda basi la Nairobi. Waulize babu alikuwa wa mbari gani, alilima karibu na mto au kisima gani, majirani zake wa pande zote walikuwa nani, na mzee wa mtaa alikuwa nani wakati wa kodi. Waulize pia alizaliwa karibu na tukio gani, kwa sababu wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Ukiambiwa alikuwa mtoto wa kunyonya wakati wa njaa ya Magunia, basi ni kati ya 1898 na 1900. Ukiambiwa alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi watu walipofukuzwa ng'ambo ya Mto Sabaki, hiyo ni 1914, mwaka wa vita vya Mekatilili, mwanamke aliyewahamasisha Wagiriama kuwapinga Waingereza, ambapo serikali iliwatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000 na kudai vibarua 1,000. Andika maneno kama yalivyosemwa, usiyageuze kuwa tarehe papo hapo.

Fungua pia masanduku ya nyumbani. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1901, na stakabadhi iliyoandikwa kwa rupia ni ya kabla ya mageuzi ya sarafu ya 1920 na 1921, kwani baada ya hapo tulihesabu kwa shilingi. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni, kikipatikana, umepata hazina. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na karatasi yake ilikuwa na alama za vidole pamoja na habari za waajiri aliowatumikia.

Baada ya hapo nenda kwenye ofisi ya ardhi ya Kilifi. Usiishie kuulizia hatimiliki. Ulizia kumbukumbu za upimaji na ugawaji chini ya sheria ya mwaka 1968, na hasa majalada ya mapingamizi. Kamati ya wenyeji ilisikiliza madai, na aliyepinga alilazimika kueleza haki yake ameirithi kwa nani. Niliwahi kusoma jalada moja ambamo ugomvi wote ulihusu mwembe mmoja na minazi kumi na minne. Shahidi wa kwanza alimtaja aliyeupanda mwembe, mwanawe, na wajukuu waliogawana maembe. Shahidi wa pili alimpinga, akataja mke wa pili ambaye upande wa kwanza ulikuwa umemficha. Katika kurasa tano zilizopigwa taipu vibaya mlikuwa na vizazi vinne, na wanawake wametajwa kwa majina yao, jambo ambalo daftari la kodi halikulifanya kamwe. Karatasi kama hizo ndizo zitakazokurudisha kwenye jina la babu, na safari hii utalijua ni lake.

SWALI: Nyumbani kwetu Mji wa Kale tuna karatasi mbili za bibi, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na moja ina mwaka 1326. Tunaweza kujua ni za nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Mpelekee kwanza mtu anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wala si Kiarabu peke yake, maana karatasi nyingi za zamani za Pwani huchanganya lugha hizo mbili. Mwaka 1326 wa Hijria ulianza Februari 1908. Tumia jedwali la kubadilishia tarehe na usijumlishe tu miaka kichwani, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja na tofauti hubadilika kila kizazi. Mwaka huo wa 1908 una uzito wake: ndio ulioleta sheria ya hati za ardhi ya Pwani, ambayo iliwataka wenye mashamba wapeleke madai yao yasajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ikiwa karatasi inataja mipaka ya pande nne na majirani, huenda ilitayarishwa kwa madai hayo. Ikiwa inataja mahari na mashahidi, ulizia daftari za ndoa na talaka katika mahakama ya kadhi, kwani sheria ya kusajili ndoa za Kiislamu ni ya tangu 1906.

SWALI: Ukoo wa mama unatoka Rabai na inasemekana tulitokana na watoro. Shangazi yangu anakataza jambo hili lisizungumzwe. Je, nitakuwa nimekosa nikilitafuta? — Msomaji, Mazeras

JIBU: Hutakuwa umekosa, ila nenda taratibu na moyo wa shangazi. Watoro walikuwa watu waliojikomboa kwa miguu yao wenyewe kutoka mashamba ya Pwani, wakapata hifadhi kwenye misheni ya Rabai iliyoanzishwa na mmisionari Krapf mwaka 1846. Mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa iliwalipa mabwana fidia, na takriban watu 1,400 katika vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa Pwani hadi 1907. Jamii ya Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa 1875, ilikuwa na watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wayao, Wamakua na Wanyasa, na baadhi ya familia zake ziliingiliana na za Rabai.

Karatasi zako haziko ofisi ya kaunti. Ziko katika daftari za ubatizo na ndoa za kanisa, na katika barua za wamisionari wa Church Missionary Society (CMS), ambazo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Tazama wadhamini wa ubatizo kwa makini, kwa sababu mtu aliyetengwa na jamaa zake alichagua wadhamini miongoni mwa waliotoka naye, na humo mara nyingi ndimo undugu ulimojificha. Muombe kasisi ruhusa, geuza kurasa kwa mkono mkavu, unakili kila jina lililoandikwa upande wa mama. Kisha mpelekee shangazi nakala hiyo mkiwa wawili tu, na umwachie yeye aseme lini watoto waelezwe.