Hesabu ya maji yanayotokana na mmenyuko: geuza gramu kuwa moli kwanza

Mwanafunzi akipewa gramu 10 za haidrojeni na gramu 64 za oksijeni, akaulizwa yatapatikana maji gramu ngapi, jibu linalomjia haraka ni 74. Jibu sahihi ni 72. Zile gramu 2 zimebaki kwenye chombo zikiwa bado haidrojeni.

Anza na mlinganyo uliosawazishwa: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Namba za mbele zinahesabu moli (kipimo cha idadi ya chembe; moli moja ya kitu chochote ina idadi ileile ya chembe), hazihesabu gramu. Wengi hujikwaa papo hapo: wanaona 2 kwa 1, wanachukua gramu 2 za haidrojeni kwa gramu 1 ya oksijeni. Ukipima kwa mizani, gramu 4 za haidrojeni hula gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 36 za maji, yaani 1 kwa 8 kwa 9. Uwiano huo ukariri, utakusaidia kuhakiki majibu.

Moli moja ya gesi ya haidrojeni ina gramu 2, kwa kuwa kila molekuli yake ina atomu mbili. Ya oksijeni ina gramu 32, ya maji 18. Usiandike 1 na 16, hizo ni za atomu moja moja. Wala usichukue ile 2 ya mlinganyo ukaizidisha kwenye uzito wa moli ukapata 4, kwa sababu utaitumia tena mbele na jibu litaharibika.

Sasa gawanya. 10 ÷ 2 ni moli 5 za haidrojeni. 64 ÷ 32 ni moli 2 za oksijeni. Moli 5 za haidrojeni zinahitaji moli 2.5 za oksijeni, nasi tunazo 2 tu. Oksijeni inaisha kwanza, kwa hiyo ndiyo inayoamua kiasi cha maji: moli 2 zinatoa moli 4 za maji, na 4 × 18 ni 72. Haidrojeni iliyotumika ni moli 4, imebaki 1, yaani gramu 2. Jumlisha 72 na 2 upate 74, sawa na ulivyoanza. Jumla zisipolingana, rudi kwenye mlinganyo kabla ya kulaumu kikokotoo. Angalia pia kwamba iliyoisha kwanza ndiyo iliyokuwa na gramu nyingi zaidi. Usikisie kwa macho.

Mfano wa jikoni ni mtungi wa gesi wa kilo 6. Tuchukulie ni propani tupu: C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Gramu 44 za propani hutoa gramu 72 za maji, hivyo kilo 6 hutoa takribani kilo 9.8. Ingekuwa butani tupu, maji yangekuwa kama kilo 9.3; gesi ya mtungi kwa kawaida ni mchanganyiko wa hizo mbili. Maji kuzidi gesi yenyewe kunawashangaza wengi, lakini sehemu 8 kati ya 9 za uzito wa maji ni oksijeni, na hiyo imetoka hewani. Weka sufuria baridi kwenye moto wa gesi, utaona chini yake panatoka jasho kwa muda mfupi. Ndiyo maji hayo.

Kwenye asidi na besi kuna mtego mwingine. NaOH (besi) + HCl (asidi) → NaCl (chumvi) + H₂O: gramu 4 za NaOH ni moli 0.1, na asidi ikitosha zinatoa gramu 1.8 za maji. Maji hayo huwezi kuyapima, yamechanganyika na maji ya kuyeyushia. Kausha, pima chumvi: gramu 5.85 ni moli 0.1, na maji mapya ni moli hizo hizo. Chumvi ikipungua bila kumwagika, shuku NaOH. Punje zake hufyonza unyevu wa hewani upesi, hasa maeneo ya pwani, hivyo gramu 4 ulizopima huwa na maji ndani. Pima haraka na ufunge chupa papo hapo.