Kila nikivuka mto nachapwa

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mi na mshkaji wangu tunacheza gemu ya vita mezani, enzi za magobore, kila nikivusha jeshi mtoni nachapwa. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, unategemea daraja moja. Hata Napoleon, mfalme wa Wafaransa, yalimkuta Mei 1809 pale Aspern, kijiji karibu na Vienna, Waaustria waliachia maboti mazito yaelee na maji ya mto Danube yakavunja daraja, sehemu kubwa ya jeshi ikabaki ng'ambo na risasi zinaisha. Julai akarudi usiku wa mvua kali, kisiwa cha Lobau humo mtoni kishajaa mizinga, madaraja kibao, akavukia upande ambao Waaustria hawakumtarajia. Kwa hiyo rusheni dadu kila raundi kuona kama daraja limevunjika, na mizinga yako ipange ukingoni kabla askari hata mmoja hajalowa mguu.