Kisomaji cha mRDT: namba zinaruka, ila kamera haina kosa

SWALI: Habari mtaalamu. Niko mwaka wa mwisho, nasomea ufundi wa vifaa tiba, nipo Mbeya. Project yangu ni kimashine cha bei rahisi cha kusoma mRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, hasa ule mstari hafifu ambao watu wawili wakiuangalia wanabishana. Nimejaribu na kamera ya simu, kaseti ileile (kile kiplastiki cha kipimo) nikiipiga picha mara tano napata namba tano tofauti. Ninunue kamera kali zaidi au nihamie kwenye sensa ya rangi?

JIBU: Salama mdogo wangu. Usinunue kamera. Hela hiyo nunua kipande cha plywood, rangi nyeusi isiyong'aa na LED mbili za kijani, na chenji itabaki ya nauli.

Kwanza ujue unasoma nini. Ule wekundu siyo damu wala wino, ni chembe za dhahabu, kwenye kaseti nyingi zina kama nanomita 40 hivi, zimebeba kingamwili, zikinaswa kwenye mstari zinajazana pale, na dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho inameza mwanga wa kijani wa nanomita 520 hadi 530, ndo maana jicho linaona nyekundu. Sasa ukimulika na flashi nyeupe ya simu, sehemu kubwa ya mwanga huo haina kazi, unarudi tu kwenye kamera na kuufifisha mstari wako. Ukimulika na kijani, na bahati nzuri LED za kijani za kawaida kabisa zile za Kariakoo zinaangukia kwenye 525 hivi, mstari unakuwa mweusi juu ya karatasi inayong'aa, hata ule wa kubishania unajitokeza.

Ila kuna mtego. Himoglobini nayo inameza kijani, kwa hiyo kaseti ambayo bufa (yale matone ya maji ya kipimo) haijaisafisha damu vizuri inabaki na rangi ya waridi kwenye karatasi na namba zako zinashuka hata pasipo na mstari. Kwa hiyo usisome mstari peke yake, soma mstari, alafu soma karatasi milimita moja mbili kulia na kushoto kwake, upate uwiano. Mfano karatasi inasoma 800 na mstari 760, tofauti ni 40, yaani asilimia 5. Kesho betri imechoka mwanga umepungua, karatasi inasoma 600, mstari utasoma 570, tofauti ni 30, na bado ni asilimia 5 ileile. Hapo hata taa ikiyumba kidogo jibu halijaenda popote.

Namba zako tano sasa. Simu ya kisasa ina kiherehere, kila ukibonyeza inajirekebishia mwanga, inajipangia rangi, inanoa kingo za picha na inaibana faili, yote bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya kitaalamu ya kamera ufunge mwanga, fokasi na rangi visijibadilishe. Kama utatumia ESP32-CAM, kile kibodi kidogo chenye kamera ya OV2640, hivyo vyote unavizima kwenye programu, fokasi unaizungusha kwa mkono kwenye lenzi kwa sababu kiwandani imewekwa kwa vitu vya mbali. Sensa ya rangi kama TCS34725 (siyo ile ya watu na makazi) inafanya kazi vizuri tu, ila inaona doa moja, itabidi uweke kitundu chembamba kama upana wa mstari na utelezeshe kaseti chini yake taratibu, na hapo kwenye kutelezesha ndo vijana wengi wanakwama. Mimi ningebaki na kamera.

Boksi ndo kila kitu. Nilishawahi kupeleka changu kwenye zahanati moja, asubuhi kinasoma safi, saa nane mchana kila mgonjwa ana malaria, nikafungua programu yangu usiku kucha natafuta kosa, kumbe ni dirisha la magharibi, jua linaingia kwenye ufa wa kifuniko upana wa karatasi. Paka nyeusi ndani, ziba kila ufa. Kamera iangalie kaseti moja kwa moja kutoka juu, LED zije kwa pembe ya digrii 45 kutoka pande mbili, la sivyo plastiki ya kaseti itakurudishia mng'ao. LED ya kijani inataka karibu volti 3, usiichomeke kwenye pini ya volti 3.3 maana inabakiwa na nafasi ndogo na mkondo unayumba ikipata joto, ipe 5 kupitia rezista. Trei ya kaseti iwe inatoka, kwa sababu kuna siku damu itamwagika na lazima uifute kwa spiriti.

Mpaka wa "ndiyo" na "hapana" usiukisie. Soma kaseti kadhaa ambazo kweli ni hasi, chukua wastani wa asilimia zake ujumlishe mara tatu ya mtawanyiko wake (standard deviation), hapo ndo pa kuanzia, alafu uhakiki kwa hadubini au PCR, kipimo cha vinasaba vya vimelea. Zisome kwa dakika zilezile alizoandika mtengenezaji, usiokote kaseti za juzi kwenye sanduku la taka, karatasi ikikauka inabadilika weupe na mistari ya kizushi inajitokeza. Mstari wa C, ule unaoonyesha kipimo chenyewe kimefanya kazi, usipoonekana mashine iseme rudia, isitoe jibu lingine lolote.

Na usije ukaandika kwenye skrini idadi ya vimelea. Giza la mstari halikupi hesabu hiyo, na HRP2, protini ya kimelea ambayo kaseti nyingi zinaitafuta, inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, mashine yako itaiona vizuri tu na kusema chanya.

Wazo lenyewe lina wenzake, Deki Reader, kisomaji cha kampuni ya Fio ya Kanada, ilishapimwa hapa Tanzania, matokeo yakachapishwa 2013, zitafute makala zake za utafiti usome walikwama wapi. Kabla hujagusa mgonjwa kuna kibali cha maadili, na ukitaka kuuza kuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, msimamizi wako anajua njia.

Wiki hii fanya hivi tu: weka kaseti moja ndani, soma mara 30 bila kuigusa. Alafu soma mara 30 nyingine ukiitoa na kuirudisha kila mara. Zikiruka kwenye 30 za kwanza, tatizo ni taa au mipangilio ya kamera. Zikitulia za kwanza zikaruka za pili, ni trei inacheza, ikaze. Nitumie namba zote 60.