"Straight from the horse's mouth" imetoka wapi

Umeuliza kama huu msemo wa Kiingereza, yaani kupata habari kwa mwenye habari mwenyewe, unahusu mtu muongo, na kama unaweza kuutumia kwa nauli mpya uliyoambiwa na binamu ya konda. Hapana, haina uhusiano na mtu muongo, hiyo ni ya mbio za farasi. Wenye kubeti walikuwa wanatafuta fununu ya farasi gani ako fiti, na aliyeaminika zaidi ni mtu wa zizini, yule anamlisha na kumwona akikimbizwa asubuhi, sasa ukisema umeskia kwa mdomo wa farasi mwenyewe ni kama umempita hata huyo, hakuna mtu katikati. Kwa hivyo hiyo nauli ya binamu ya konda haiingii hapo, hiyo bado ni ya kuskia tu, lakini mwenyekiti wa sacco ya matatu akisimama stage aseme kesho ni mia moja, hapo itumie bila wasiwasi. Nafunza Kiingereza sekondari na hii huulizwa sana. Tu usiichanganye na ile ya kutomwangalia mdomoni farasi wa zawadi, hiyo ni juu ya meno manake ndiyo huonyesha umri wake, na maana yake ni usikosoe ulichopewa bure.