Maswali ya mafundi wa miti Mwanza: suruali, kamba, chensoo na bosi mgumu

Mwadila wandugu. Meseji zimekuwa nyingi tangu mvua zianze, na naelewa kwa nini, ule upepo wa usiku unaotoka ziwani ukishaangusha mwembe mmoja pale Igogo kila mtu anataka mti wake upunguzwe wiki hiyohiyo, na vijana wanapanda na ndala. Nimechagua yale yanayojirudia sana.

Kaka, nimejikusanyia hela kidogo, chensoo ninayo. Nianze na helmeti au ile suruali ya kujikinga? Hela haitoshi vyote. (Fundi, Buhongwa)

Mdogo wangu kama unakatia chini anza na suruali, kama unapanda au unasimama chini ya anayepanda anza na helmeti, na ukipata tena malizia kilichobaki, usikae mwaka mzima na kimoja.

Suruali naisisitiza kwa sababu chensoo ikikuponyoka mara nyingi inaishia mguuni, kwenye paja la mbele au goti, na pale kuna mshipa mkubwa, damu haikusubiri ufike Bugando. Watu wanadhani ile suruali ni ngumu kwamba cheni haipiti, sivyo. Juu kuna kitambaa cha kawaida tu, ndani kuna tabaka kadhaa za nyuzi ndefu zilizolegea, cheni ikigusa inazivuta zile nyuzi zinaingia mpaka kwenye gia zinajisokota kama nyavu kwenye propela ya mtumbwi, mashine inakabwa inasimama. Kwa hiyo ukinunua ya mtumba ishike kwa vidole uzisikie hizo tabaka, angalia haijashonwa mahali, ikishakatwa mara moja nyuzi zimekatika hapo usiirudie hata fundi cherehani akuahidi nini. Usiifue na jiki, usiipige pasi. Kwenye lebo utaona daraja: 1 ni kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde, 2 ni 24, 3 ni 28. Na zipo zinazokinga mbele tu, hizo ni za kukatia chini, anayepanda anatakiwa avae inayozunguka mguu mzima maana juu unajipinda kila upande.

Helmeti ya mjengo isiyo na mkanda wa kidevu ukiinama tu imeshadondoka, tafuta yenye mkanda. Ikishapigwa na tawi la maana itupe hata kama huoni ufa.

Tunapandia kamba za wavuvi tunanunua Kirumba, zinavuta mtumbwi mzima, kweli haziwezi kunibeba mimi wa kilo 65? (Kijana wa Igoma)

Kukubeba zinakubeba, shida haiko kwenye uzito. Zile za bluu na kijani zinazoelea, wavuvi wanazipenda kwa sababu hiyohiyo ya kuelea, ni plastiki ambayo ikisuguana inapata joto inayeyuka, we ukishuka kwa kasi kamba ikisugua kamba nyingine au tawi inaanza kulainika palepale uliponing'inia. Halafu jua letu linaila. Ichukue kipande iliyokaa juani miezi, kikunje, utaona unga mweupe na vinyuzi vinakatika vinabaki mkononi. Hiyo tumia kuburutia matawi chini basi.

Ya kupandia ni ya polista, mm 11 mpaka 13, iliyotengenezwa kwa kazi ya kupanda, na mkanda wa kiunoni wenye kushika na mapaja, sio mshipi wa kiuno peke yake, ule ukianguka unakuvunja mgongo au unapanda mpaka kwenye mbavu huwezi kupumua. Na hili nalisema kwa herufi kubwa: UKIWASHA CHENSOO JUU YA MTI UWE UMEFUNGWA SEHEMU MBILI, kamba kuu na ile fupi ya kuzungusha shina, bora yenye waya ndani. Cheni inakata kamba iliyokazwa ukiigusa kidogo tu, ukiwa na moja umekwisha. Hata hiyo yenye waya usiitegemee kwamba cheni haiwezi kuikata, inakupa nafasi tu.

Pia asipande mtu peke yake eneo zima. Chini awepo mwenzake anayejua kupanda na mwenye kamba ya pili, maana mtu akizimia kwenye mkanda akabaki ananing'inia damu inakaa miguuni, dakika chache hali inabadilika, na zimamoto ukipiga 114 mpaka wapite foleni huko mtu keshaharibika.

Chensoo yangu breki ya mbele ilivunjika fundi akaitoa, inakata vizuri tu. Kuna shida? Na oili nachanganya kiasi gani na petroli? (Nyakato)

Ipo kubwa. Ile ngao ya mbele sio urembo. Sehemu ya juu ya ncha ya baa, lile bapa linalozungukwa na cheni, ikigusa tawi ambalo hukuliona, msumeno unaruka unakurudia usoni au shingoni, hata sekunde haifiki, na breki ndo inayosimamisha cheni. Tafuta spea urudishe. Ikiwa imerudi ijaribu kila asubuhi: mashine chini, washa, bonyeza moto, sukuma ngao mbele na kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini, cheni isimame hapohapo. Ikiteleza teleza usipande nayo. Na zile kubwa aina ya 070 mnazopasulia mbao hazina hiyo breki toka kiwandani, sasa mtu anaipandisha mtini, jamani hapana.

Ulichouliza mwishoni kuhusu mafuta: mashine nyingi za sasa ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya 2T kwa lita moja ya petroli, ila soma kitabu chake. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa.

Mimi ni mwenye nyumba, mwembe wangu umeota juu ya jiwe na matawi yamegusa waya. Vijana wamesema watakata jioni kukiwa na ubaridi. Niwaruhusu? (Mama, Isamilo)

Mama yangu, usiwaruhusu. Nenda TANESCO kwanza, waje wazime au wakate wenyewe yale ya kwenye laini. Waya za kilovolti 11 na 33 mara nyingi ziko uchi, na mti mbichi unapitisha umeme, ukilowa ndo zaidi, kijana anaweza asiuguse waya kabisa akafa kwa kushika tawi tu. Ngazi ya alumini isisogee hapo. Umeme ukishazimwa na wenyewe wamethibitisha, bado kuna hilo jiwe: mizizi ya miti yetu ya milimani inatambaa juu ya mwamba na kuingia kwenye nyufa, mingine haina kitu chini. Waambie wakague shina na mizizi kabla ya mtu kupanda, waangalie kama udongo umeinuka upande mmoja, mchwa, uyoga, shimo lenye nyuki. Kama umeinama wasipande, utafutwe utaratibu mwingine. Na ukielewana bei mama, ukiwaona hawana kamba wala helmeti usiwape hiyo kazi, najua wengine watakufanyia kwa bei poa zaidi.

Bosi anasema vifaa kila mtu ajinunulie. (Deiwaka, Ilemela)

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake, vifaa kinga ni jukumu lake, OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndo wanaosimamia. Muulize pia kama amejisajili WCF, mfuko wa fidia, mchango ni wake sio wa kukatwa kwenye hela yako. Nendeni wengi kwa pamoja mkaongee naye, na mwandike tarehe na majina ya kazi mlizofanya, deiwaka asiye na karatasi yoyote ndo anayekanwa siku akiumia.

Wapi nasoma hii kazi? (wengi)

Kuna chuo cha misitu Olmotonyi Arusha, cha viwanda vya misitu Moshi, na kituo Mafinga. Nauli ni kitu, najua. Kwa kuanzia hapahapa Mwanza mkae kikundi mkawaombe Msalaba Mwekundu huduma ya kwanza, hasa kuzuia damu, halafu wiki hiyohiyo mfanye zoezi la kumshusha mwenzenu akiwa amelegea, kwenye tawi la mita mbili kutoka chini, mpaka kila mmoja aweze.

Vidole vinakuwa vyeupe na ganzi asubuhi. (Nyegezi)

Ni mtetemo wa mashine, acha kufanya kwa masaa mfululizo, angalia raba za kuzuia mtetemo kama zimechoka, noa cheni, na muone daktari mapema umwambie unafanya kazi gani. Ukichelewa ile ganzi haitoki.