Kabla ya Kwenda Nje Kupandikiza Meno, Mtafute Daktari Atakayekuhudumia Ukirudi

Nilipoamua kwenda India kupandikiza magego mawili ya chini, baada ya miaka minne ya kutafuna upande mmoja, nilipiga hesabu ya nauli, viza, hoteli na matibabu kwa uangalifu mkubwa. Jambo moja sikulifikiria kabisa, nalo ni nani hapa Dodoma angeshughulikia meno hayo yakipata hitilafu. Naandika kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kwa safari kama hiyo, maana kosa hilo lilinigharimu, na ni rahisi kuliepuka.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino, kisha jino la bandia hufungwa juu yake. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ndiye aliyebaini katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Kushikamana huko huchukua kwa kawaida miezi 3 hadi 6, na ndiyo maana wengi wetu husafiri mara mbili: ya kwanza kuweka skrubu, ya pili kufunga jino. Viza yangu ya matibabu ilikuwa ya siku 60, kwa hiyo safari ya pili ilihitaji viza nyingine na nauli nyingine. Wapo wanaofungiwa jino la muda siku hiyohiyo, lakini linaloamua ni hali ya mfupa na si ratiba ya ndege.

Kwa sababu hiyo, anza na daktari wa meno wa hapa nyumbani. Akupige eksirei, atibu fizi kama zina ugonjwa, na umweleze ukweli kuhusu sukari, sigara na dawa unazotumia, hasa zile za kuimarisha mifupa, kwani zote hugusa uponaji wa taya. Pengo likikaa muda mrefu, mfupa hupungua. Mimi niliambiwa kwamba wangu unahitaji kuongezwa nikiwa tayari nimekaa kwenye kiti cha daktari kule Mumbai, tiketi ya kurudi ikiwa mkobani. Gharama iliongezeka papo hapo, na sikuwa na nafasi ya kutafakari wala ya kumuuliza mtu mwingine.

Hata hivyo upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, na wiki za mwanzo nyumbani nilijilisha mlenda na uji wa ulezi bila taabu.

Miezi saba baada ya kufungiwa meno, nikiwa natafuna karanga, nilihisi gego moja linacheza. Nikiligusa kwa ulimi lilikuwa likigeuka kidogo na kutoa mlio mdogo, kama bawaba ya mlango iliyolegea. Daktari wa hapa Dodoma alilitazama akanituliza: kipandikizi kilikuwa imara, kilicholegea ni skrubu inayounganisha jino na kipandikizi, na kuikaza ni kazi fupi kwa bisibisi inayofaa. Kisha akauliza ni cha kampuni gani, kwa sababu vichwa vya skrubu hizo hutofautiana. Nilikuwa na risiti tu, iliyoandikwa vipandikizi viwili na bei yake. Kliniki niliyotibiwa ilijibu barua pepe yangu baada ya siku kumi na moja, nayo ikataja kampuni bila kutaja aina. Nilingoja zaidi ya wiki tatu, chakula kikijikusanya chini ya jino na fizi ikivimba, hadi vifaa vilipopatikana Dar es Salaam. Nilipanda treni ya SGR asubuhi, jino likakazwa kwa muda usiozidi nusu saa, nikarudi jioni.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, iulize kliniki jina la kampuni na aina ya kipandikizi, umpelekee daktari wako wa nyumbani, naye akwambie kama vifaa vyake vinapatikana nchini. Kama havipatikani, omba aina nyingine au tafuta kliniki nyingine. Ukimaliza matibabu usiondoke bila stika za pakiti ya kila kipandikizi, zenye kipenyo, urefu na namba ya toleo, pamoja na eksirei ya mwisho na maelezo kama jino limefungwa kwa skrubu au limegandishwa kwa saruji. Garantii nayo isomwe kwa makini, kwa kuwa ile yangu ilihusu kipandikizi chenyewe, wala haikugusa nauli.

Linganisha pia bei na ya Dar es Salaam, ukijumlisha safari zote mbili. Mimi nilipojumlisha hivyo, nafuu niliyoitarajia ilibaki ndogo mno.

Picha za stika zangu nilitumiwa hatimaye. Nimezichapisha na kuzibandika kwenye daftari la kliniki, na nakala ipo pia kwenye simu ya mke wangu.