Mashaka yenu juu ya filamu hii ya dubwana na roboti nimeyasoma. Mimi naangalia mguu unavyotua

Mkuu mleta mada, nimekusoma mwanzo hadi mwisho, na wadau waliokuunga mkono nimewasoma pia. Unasema trela imejaa usiku na mvua, kwa hiyo wanaficha ubovu wa picha zao. Unasema roboti kuzichapa na dubwana ni mambo ya watoto. Unasema pesa zilizomwagwa ni nyingi mno kwa filamu isiyo na steringi hata mmoja mwenye jina. Na mdau mmoja akaongezea: jeshi lenye makombora lina haja gani ya roboti lenye ngumi?

Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mwaka 2013 maneno hayo hayo niliyasema mimi kuhusu Pacific Rim, filamu ya maroboti na madubwana ya mwongozaji Guillermo del Toro. Niliyasema kwa uhakika kabisa, na nilikosea.

Wakati ule nilikuwa nimechoka. Miaka kadhaa mfululizo nilikuwa natazama filamu za vyuma vinavyogongana, natoka ukumbini kichwa kinauma na sikumbuki nani alimpiga nani. Mwaka 2012 ilikuwa imekuja Battleship, bajeti yake zaidi ya dola milioni 200, na ikadoda. Kwa hiyo trela ya Pacific Rim ilinikuta nimeshakunja uso. Niliitazama kwenye simu, kioo cha ukubwa wa kiganja. Nikaona buluu na kijani, maji, taa, na lichuma linaburuta meli barabarani kama rungu. Nikamwambia mdogo wangu: hii ni ile ile, wamebadilisha rangi tu. Hakubishana. Alikata tiketi mbili.

Sasa nikusimulie sekunde chache zilizonibadilisha. Yako mapigano ya Hong Kong. Roboti lao, Gipsy Danger, linarusha ngumi, dubwana linakwepa, ngumi inapenya ndani ya jengo la ofisi. Kamera inaingia nayo. Meza zinasombwa, viti vinasombwa, vioo vinamwagika. Ngumi inapungua kasi, inazidi kupungua, mpaka inafika kwenye meza ya mwisho, ambako kuna lile pambo la vigololi vya chuma vilivyoning'inizwa kwenye nyuzi. Inakigusa kigololi cha pembeni, kidogo tu. Vigololi vinaanza kugongana: tak, tak, tak. Halafu ngumi inarudi ilikotoka.

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa kiti. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeambiwa tu kwamba roboti ni kubwa. Pale ndipo nilipoujua ukubwa wa kidole chake kimoja. Nikajua pia kwamba swali nililokuwa nauliza kabla ya kuingia lilikuwa swali la kando. Filamu ya namna hii haiinuliwi wala haiangushwi na wazo lake. Inategemea uzito. Je, nikilitazama lile lidude, mwili wangu unaamini kwamba lina uzito?

Uzito machoni unatokana na muda, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, maana ndicho kiini cha jibu langu. Angusha kitu kutoka urefu wa mtu mzima, tuseme mita 1.8. Kitafika chini kwa sekunde 0.6 hivi. Angusha kitu kutoka kimo cha Gipsy Danger, ambalo wenyewe wanasema lina mita 79. Kitachukua sekunde 4. Mvuto wa dunia haujui kama wewe ni roboti au mwanasesere. Jicho letu limekuwa likitazama vitu vikianguka tangu utotoni, na hesabu hiyo limeihifadhi bila sisi kujua. Ukimwonyesha mtu jengo linaloporomoka kwa nusu sekunde, moyo wake utamwambia ni boksi, hata kama kila tofali limechorwa kwa ustadi wa ajabu. Kwa hiyo roboti linalopiga hatua mbilimbili kwa sekunde ni mtu aliyevaa bati, basi. Linalochukua sekunde tatu kuinua mguu na kuutua, hilo ndilo linalonifanya nirudi nyuma kwenye kiti.

Wajapani walilijua hili zamani sana. Mwaka 1954, Ishirō Honda na fundi wake wa maajabu Eiji Tsuburaya walipoitengeneza Godzilla, dubwana lilikuwa Haruo Nakajima ndani ya vazi la mpira lenye uzito wa kilo 100 hivi, akikanyaga mji wa vijengo vidogo. Dubwana lilitakiwa kuwa na mita 50, na mfano wao ulikuwa moja kwa ishirini na tano. Muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha kimo, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Maana yake, ukitaka kifusi cha kijengo kile kianguke kama kifusi cha jengo la kweli, kamera ipige picha kwa kasi mara tano ya kawaida, kisha uicheze kwa mwendo wa kawaida. Ndiyo maana miji ya mafundi wale huporomoka polepole vile. Hawakuwa na kompyuta, lakini muda walikuwa nao.

Sasa utaniuliza, kwani hesabu nyingine zinakubali? Hazikubali hata kidogo, na sitaki kukudanganya. Mtu wa kilo 80 ukimrefusha mpaka mita 79, uzito wake haupandi kwa kiasi kile kile cha urefu. Unapanda kwa urefu, kwa upana na kwa unene, vyote vitatu kwa pamoja. Anafika tani 6,700 na ushee, na mifupa yake haiwezi kumbeba. Gipsy Danger wameliandikia tani 1,980 tu. Kwa umbo kama la mtu na kimo kile, kitu chepesi hivyo kingeelea baharini. Halafu kwenye filamu linabebwa na helikopta kwa nyaya. Mi-26 ya Urusi, moja ya helikopta zenye nguvu kuliko zote duniani, hubeba tani 20. Piga mwenyewe hesabu zingehitajika ngapi.

Nilizijua hizo hesabu nikiwa nimekaa pale pale ukumbini, na hazikunisumbua. Kilichonisumbua kwenye filamu nyingine ni mwendo, kwa sababu kuelea baharini ni jambo la kufikiri baadaye nyumbani, lakini mguu unaotua upesi kama wa panya ni jambo la papo hapo. Mwili unakataa kabla akili haijaulizwa.

Nije kwenye usiku na mvua. Hapa, mkuu, umegeuza mambo. Ni kweli giza linaweza kuficha kazi mbovu, nimeliona hilo. Lakini mvua na maji si kichaka cha kujificha mtu mvivu. Muulize yeyote aliyewahi kucheza na mifano midogo: maji ndiyo yanayokuumbua, kwa sababu tone la maji halipungui. Ukiweka meli ya mfano kwenye beseni, kitone kinachoruka kitaonekana ni kikubwa kama gari, na siri imefichuka. Kwenye kompyuta nako maji ni kati ya mambo magumu na ya gharama kuliko yote, maana kila povu lazima lifuate sheria zake. Anayeliweka dubwana lake baharini usiku wa mvua amejichagulia mzigo mzito. Faida anayoipata ni kipimo. Mvua inaanguka mbele ya goti, inaanguka nyuma ya goti, mwanga wa taa unapotelea kwenye ukungu kabla haujafika begani, na jicho linasema: hee, kutoka hapa hadi pale ni mbali. Mchana mweupe hauna msaada huo.

Ushahidi wangu ni ule mwendelezo wa 2018, Pacific Rim Uprising, uliopewa mwongozaji mwingine, Steven S. DeKnight. Safari hii nilikwenda na imani kubwa. Mapigano makubwa yakahamishiwa mchana, jua linawaka juu ya Tokyo, kila skrubu inaonekana. Maroboti yanaruka, yanabiringika, yanajipinda kama wanasarakasi. Nilitazama kila kitu na sikuogopa chochote. Nilitoka nikiwa na huzuni ya kweli, kwa sababu rangi zilikuwepo, vyuma vilikuwepo, na kilichotoweka ni ule muda tu.

Kuhusu makombora: ndani ya hadithi ya Pacific Rim walilijibu hilo mapema. Dubwana la kwanza linatua San Francisco, vifaru na ndege vinalishambulia, vinachukua siku 6 kuliangusha, na miji 3 imeshaharibika. Damu yake nayo ni sumu. Kwangu yanatosha. Filamu ikishaweka sharti lake na ikalishika hadi mwisho, mimi sina ugomvi nayo.

Pesa na majina ya waigizaji nitapita haraka. Pacific Rim iligharimu karibu dola milioni 190, haikuwa na jina la kutisha, Marekani iliingiza milioni 100 na kidogo, watu wakaanza kuizika. Duniani kote ikapita milioni 400, na China peke yake iliipita Marekani. Na kama unadhani pesa nyingi ndiyo kipimo, iko Godzilla Minus One ya mwaka 2023, ya Takashi Yamazaki: bajeti chini ya dola milioni 15, mafundi 35, picha za athari (zile za maajabu ya kutengenezwa) 610, na Machi 2024 ikachukua Oscar ya athari za picha. Tazama lile dubwana linavyoifukuza boti ya mbao. Kichwa tu juu ya maji, na boti haina pa kukimbilia. Basi.

Ila kuna uzito mwingine ambao hauingii kwenye hesabu za sekunde, na huu ndio ninaousubiri zaidi kwenye hii inayokuja. Kwenye Pacific Rim kuna kumbukumbu ya Mako, rubani wa kike wa Gipsy Danger, akiwa mtoto. Mtaa wa Tokyo umefunikwa majivu, hakuna mtu. Mtoto mdogo wa kike, aliyechezwa na Mana Ashida, anatembea peke yake kwa koti la buluu, analia, mkononi ameshika kiatu chake kimoja chekundu. Dubwana linakuja nyuma yake. Hatuelezwi kimo chake wala tani zake. Kiatu kile kinatosha, kwa sababu ni mkono mdogo sana ulioshika kitu kidogo sana, na sisi tunalitazama dubwana tukiwa usawa wa macho yake. Mdogo wangu alikuwa amelia. Aliniambia siku ile ile, na hajawahi kuona haya kusema.

Watu wanasema filamu hizi hazina hadithi. Mimi nasema mara nyingi zina hadithi nyingi mno: wanasayansi, majenerali, siri za serikali, dunia nyingine chini ya dunia. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyesimama chini. Umati unaokimbia hauhesabiki; umati ni mchanga. Mtu mmoja mwenye kitu mkononi ndiye anayempa dubwana kimo.

Sasa trela yenyewe tunayoibishania. Nimeitazama mara sita, mara nne nikiwa nimezima sauti, kwa sababu ngurumo na ngoma huwa zinamdanganya mtu aone uzito usiokuwepo. Jaribu nawe. Kuna pale mguu wa roboti unapotoka majini: tangu kisigino kinapoacha maji mpaka unyayo unatua, nimehesabu sekunde tatu na ushee. Na maji yanayotiririka kwenye goti yanaendelea kutiririka hata baada ya mguu kutulia. Aliyefanya hiyo kazi anajua anachofanya. Kwa sababu ya mguu ule mmoja siwezi kuungana nawe kwamba ni takataka.

Mashaka yangu mimi yapo kwingine. Karibu na mwisho kamera inazunguka kichwa cha dubwana mzunguko mzima bila kukatika, kama nzi anayezunguka embe. Nani ameshika kamera hiyo? Kamera ikiwekwa chini barabarani, au kwenye helikopta inayotikisika, mimi mtazamaji nina mahali pa kusimama na nina sababu ya kuogopa. Ikiruka popote itakapo, nimeshakuwa mkubwa kuliko dubwana. Pia katika dakika mbili zote sijaona sura ya raia hata mmoja iliyokaa kwenye skrini zaidi ya sekunde moja. Marubani nimewaona, makamanda nimewaona, na umati unaokimbia daraja.

Kwa hiyo trela ya pili ikitoka, mimi sitatafuta dubwana jipya wala silaha mpya. Nitamtafuta mtu mmoja aliyesimama chini na kamera imesimama naye. Nikimwona, nakata tiketi ya siku ya kwanza, safu ya tatu kutoka mbele, ambako shingo inabidi iinuke. Nisipomwona, nitasubiri nyinyi mtakaotangulia mje mtusimulie.